Kujisajili kwa Mitihani ya AP na CLEP Ukiwa Bado Sekondari Nchini Marekani

Mzazi aliyefanya mtihani wa kidato cha nne Kigoma au Machakos, au mtihani wa taifa Bukavu, anakumbuka kwamba usajili ulikuwa shughuli ya shule: mkuu wa shule alikusanya majina, mwalimu wa taaluma akayahakiki, na namba ya mtahiniwa ikaja yenyewe. Mzazi huyo akihamia Louisville, Des Moines au Dallas, na mwanawe akaanza kusoma somo la AP, hudhani kwamba huko nako mambo yanakwenda vivyo hivyo. Sivyo yalivyo. Katika shule za Marekani mwanafunzi anaweza kukaa darasani mwaka mzima, akamaliza kazi zote na kupata alama nzuri kwenye ripoti yake, kisha Mei ikifika jina lake likakosekana kwenye orodha ya watahiniwa, kwa sababu kusoma somo ni jambo moja na kusajiliwa kwa mtihani wake ni jambo jingine. Tena mtihani hufanywa Mei, lakini usajili wake hufungwa Novemba ya mwaka uliotangulia, wakati ambapo familia nyingi hata hazijaanza kuufikiria.

AP ni kifupi cha Advanced Placement, mpango wa masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari. Unaendeshwa na College Board, shirika lile lile lenye SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo, ambalo liliupokea mwaka 1955. Masomo yake ni takriban 40, kuanzia kalkulasi, biolojia na historia hadi sayansi ya kompyuta, na kila mtihani husahihishwa kwa alama 1 hadi 5. Mwanafunzi anayepata 3 au zaidi anaweza kupewa krediti na chuo atakachojiunga nacho, maana yake asilipie wala asirudie somo hilo mwaka wa kwanza. Vyuo vya umma vya Ohio na Texas, kwa mfano, hutoa krediti kuanzia alama 3, ilhali vyuo vingi vya binafsi vinavyochuja sana hudai 4 au 5, na vingine hutoa krediti kwa masomo machache tu. Kabla ya kulipia mtihani wowote, tafuta kwenye tovuti ya College Board orodha ya vyuo na alama vinazokubali, ujue kama chuo unachokitaka kitakuwa na haja na alama hiyo.

Jina na tarehe ya kuzaliwa

Hatua ya kwanza ni kufungua akaunti kwenye tovuti ya College Board. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, lakini kwa familia zetu hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko pote, nami nitakaa hapa kidogo.

Fomu ya akaunti inataka jina la kwanza na jina la mwisho. Mtu wa kutoka Kongo ana majina matatu kwenye vyeti vyake, yaani jina, jina linalofuatia na jina la ubatizo, na mara nyingi jina la ubatizo huandikwa mwishoni. Mtanzania ana jina lake, la baba na la babu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza wasilingane hata jina moja. Karani wa uhamiaji aliyejaza fomu kambini huenda alipanga majina kwa namna yake, shule ikayapanga kwa namna nyingine, na kadi ya maktaba ikawa na namna ya tatu. College Board haijui historia hiyo. Mfumo wake hulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na shule, na vikipishana huweza kumhesabu mwanafunzi mmoja kuwa watu wawili, alama za mwaka huu zikaingia kwenye rekodi moja na za mwaka ujao kwenye nyingine.

Kwa hiyo andika jina kama lilivyo kwenye rekodi za shule, kwa mpangilio ule ule na kwa herufi zile zile, hata kama nyumbani mnaliandika vingine. Ikiwa rekodi ya shule yenyewe ina kosa na haifanani na kitambulisho cha serikali, nenda kwanza kwa karani wa shule ukairekebishe, kisha ndipo ufungue akaunti. Fanya vivyo hivyo kwa tarehe ya kuzaliwa. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana au haikuulizwa. Inaudhi kuendelea kuandika tarehe ambayo mama yako anajua si ya kweli, lakini kwenye akaunti hii andika ile iliyo kwenye hati zako za sasa. Iwapo siku moja hati zitasahihishwa, akaunti nayo itasahihishwa.

Mambo mengine ya akaunti ni mepesi. Usifungue akaunti ya pili eti kwa kuwa umesahau neno la siri la ile ya kwanza. Kama uliwahi kufanya SAT, au PSAT ambao ni mtihani wa kujiandaa na SAT, yaelekea tayari unayo. Tumia barua pepe yako binafsi badala ya ile ya shule, kwa kuwa matokeo hutoka Julai, na shule nyingi hufunga barua pepe za wahitimu muda mfupi baada ya mahafali. Akaunti haidai namba ya Hifadhi ya Jamii, na mwanafunzi haulizwi uraia wake ili afanye mtihani. Mzazi mwenye hofu juu ya jambo hilo na aondoe wasiwasi.

Kujiunga na darasa, kisha kujisajili

Shule inapofunguliwa, kati ya Agosti na Septemba, kila mwalimu wa AP huwapa wanafunzi wake msimbo wa kujiunga, ambao ni mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Mwanafunzi huingia sehemu ya tovuti iitwayo My AP kwa akaunti ile ile, huandika msimbo, na jina lake huonekana kwenye darasa hilo mtandaoni. Kila somo lina msimbo wake, kwa hiyo anayesoma masomo matatu ya AP atajiunga mara tatu. Kujiunga humfungulia maswali ya mazoezi na video za masomo, mambo yenye faida kubwa kwa asiye na uwezo wa kulipia masomo ya ziada.

Wengi huishia hapo wakiamini wamemaliza, na ndipo wanapokosea. Kujiunga na darasa mtandaoni peke yake si uthibitisho wa kusajiliwa kwa mtihani. Shule nyingine huwahesabu wanafunzi wote waliojiunga kuwa watafanya mtihani, mpaka mwanafunzi aseme hataki. Nyingine humtaka kila mwanafunzi abofye mwenyewe kitufe cha kujisajili kabla ya tarehe fulani, na asiyebofya huchukuliwa kuwa hataki. Njia ya kujua ni kufungua My AP, kuingia kwenye somo husika na kusoma hali ya usajili iliyoandikwa pale. Ikiwa hakuna maneno yanayosema kwamba umesajiliwa, basi hujasajiliwa, hata kama mwalimu wako anakufahamu kwa jina na anakutegemea upate 5.

Mwenye mamlaka katika jambo hili ni mratibu wa AP wa shule. Mara nyingi yeye ni mmoja wa washauri wa wanafunzi au naibu wa mkuu wa shule, na ndiye anayeagiza mitihani kutoka College Board. Mwalimu wa somo hawezi kuagiza, na mwanafunzi hawezi kujiagizia. Mtafute Septemba, ujue ofisi yake, umwulize maneno matatu: shule imeweka tarehe gani ya mwisho, ada inalipwaje, na je, kuna msaada wa ada. Tarehe ya mwisho ya College Board kwa masomo ya mwaka mzima huwa katikati ya Novemba, lakini shule nyingi huweka yao Oktoba ili mratibu apate muda wa kuhakiki orodha, na kwa mwanafunzi tarehe yenye nguvu ni ya shule. Masomo yanayoanza muhula wa pili yana nafasi hadi katikati ya Machi. Anayeamua kwa kuchelewa, baada ya Novemba lakini kabla ya tarehe hiyo ya Machi, anaweza bado kuagiziwa mtihani kwa nyongeza ya dola 40. Aliyesajiliwa kisha akaghairi baada ya Novemba, au asitokee siku ya mtihani, hutozwa pia dola 40.

Hapo mtu atauliza: je, mwanafunzi asiye na uhakika Oktoba afanye nini? Kwa maoni yangu, ajisajili. Kijana aliyehamia Marekani miaka miwili iliyopita mara nyingi hujiona mnyonge mwanzoni mwa mwaka kwa sababu ya Kiingereza, na ni kipindi hicho hicho anachotakiwa kuamua, ilhali kufikia Aprili anaweza kuwa amebadilika kabisa. Hasara ya kughairi ni dola 40, wakati krediti tatu za chuo mara nyingi hugharimu mamia ya dola hata katika chuo cha jamii (community college).

Ada na nafuu yake

Mwaka 2025 ada ya mtihani mmoja ilikuwa dola 99 kwa shule za Marekani na Kanada, na dola 129 katika nchi nyingine, zikiwemo shule za kimataifa za Afrika Mashariki zinazotoa mitihani hii. Ada hupanda kidogo baada ya muda, basi ulizia ya mwaka wako. Wanaofanya mitihani mitatu watadaiwa karibu dola 300, fedha ambazo si haba kwa nyumba ambayo baba anafanya kazi ya kiwanda cha nyama na mama anasafisha hoteli.

Hata hivyo, familia yenye kipato kidogo haitakiwi kulipa kiasi chote. Mwanafunzi anayestahili chakula cha mchana cha bure au cha bei iliyopunguzwa shuleni, anayeishi katika nyumba inayopokea msaada wa serikali, aliye chini ya ulezi wa serikali, au aliye katika mipango kama Upward Bound, unaoandaa wanafunzi wa kipato kidogo kwa chuo, hupunguziwa dola 37 kwa kila mtihani. Shule nayo huacha dola 9 ambazo kwa kawaida hubaki nazo, hivyo kwa ada ya 2025 zilisalia dola 53. Yako majimbo na wilaya za shule zinazolipia hata hizo zilizobaki, na mwanafunzi asilipe kitu.

Nafuu hii haiombwi College Board. Mratibu ndiye anayeiweka kwenye mfumo, naye hawezi kuiweka ikiwa hana habari za familia yako. Katika shule ambazo wanafunzi wote hula bure, wazazi wengi hawajazi tena fomu ya kipato, na kwa sababu hiyo ofisi inaweza isiwe na kumbukumbu yoyote ya kustahili kwao. Kaa na mratibu, mwambie hali ilivyo, jaza fomu atakayokupa. Najua sisi tumelelewa tusitoe siri za nyumba nje. Lakini hii ni haki iliyotengewa bajeti, na asiyeidai hulipa fedha ambazo hakupaswa kulipa.

Malipo yenyewe hufanywa kwa shule, ama moja kwa moja ama kupitia tovuti ambayo shule imeichagua, kisha shule ndiyo hulipana na College Board. Mtu akikupigia simu akisema anatoka College Board na anataka namba ya kadi yako ya benki ili amtumie mwanao vitabu vya AP, kata simu. Ni utapeli wa siku nyingi, na wahamiaji ni miongoni mwa wanaowindwa.

Mtahiniwa wa kujitegemea

Shule nyingine hazina somo ulitakalo, na wako wanafunzi wanaosomeshwa nyumbani. Kanuni za AP hazimlazimishi mtu kusoma darasa ili afanye mtihani, kwa hiyo kijana anaweza kujisomea na kuja kufanya, kama watahiniwa wa kujitegemea wanavyofanya kwetu. Ikiwa shule yako ina mratibu lakini haina somo hilo, mwendee yeye kwanza. Anaweza kukuagizia mtihani na kukupa msimbo wa kundi la wanaofanya mtihani pasipo darasa. Ikiwa haiwezekani, au huna shule, tafuta kwenye orodha ya College Board shule za karibu zenye somo hilo, upige simu moja baada ya nyingine, umwulize mratibu kama anapokea watahiniwa wa nje.

Anza simu hizo Agosti au Septemba. Shule hazilazimiki kumpokea mtu wa nje, na zinazokubali zina nafasi chache za viti na wasimamizi. Zingine huongeza ada yao juu ya ile ya kawaida. Siku ya mtihani utatakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha, kwa kuwa pale hakuna mwalimu anayekujua.

Kuhama, kuugua na mahitaji maalumu

Familia nyingi huhama katikati ya mwaka kwa kufuata kazi au jamaa. Usajili hauhami wenyewe. Mwarifu mratibu wa shule unayoiacha, kisha siku ya kwanza shule mpya mwone mratibu wake, akupe msimbo mpya wa kila somo, ili mtihani uagizwe huko. Ukihama baada ya Novemba, kuhama huko ni sababu inayokubalika ya kutotozwa zile dola 40 za kuchelewa, mradi waratibu wote wawili wajue.

Mwenye ulemavu au hali ya kiafya inayomlazimu kupata muda wa ziada, maandishi makubwa au mapumziko, huombewa ruhusa na shule kwa idara maalumu ya College Board, na ombi hilo linatakiwa kufika kufikia katikati ya Januari. Kuwa na mpango maalumu wa kujifunza shuleni hakutoshi. Ruhusa ya College Board hutolewa kivyake, na mtu akipewa muda wa ziada pasipo ruhusa hiyo alama zake zinaweza kufutwa.

Mitihani hupangwa katika wiki mbili za mwanzo za Mei. Mwaka 2026, kwa mfano, ilipangwa kati ya tarehe 4 na 15. Ikitokea mitihani yako miwili imeangukia wakati mmoja, au ukaugua, au siku hiyo ni sikukuu ya dini yako, mratibu anaweza kukuagizia mtihani wa tarehe za baadaye bila nyongeza ya ada. Idi husogea kila mwaka, basi Mwislamu aangalie kalenda mapema.

Tangu Mei 2025 mitihani mingi ya AP hufanywa kwenye kompyuta kupitia programu ya Bluebook. Ipakue, ufanye jaribio lililomo ndani yake, na kama nyumbani hakuna kompyuta iwezayo kuiendesha, iambie shule ikuazime.

CLEP, njia isiyo na darasa wala Novemba

Upo mtihani mwingine wa College Board ambao haujulikani sana katika jamii zetu, nao ni CLEP (College-Level Examination Program), wa kupatia krediti za chuo, ulioanzishwa mwaka 1967. Una masomo 34, hufanywa karibu wakati wowote wa mwaka kwenye vituo vilivyoko vyuoni, na hauhitaji mratibu wa shule. Mwanafunzi wa sekondari anaruhusiwa kuufanya. Utaratibu wake ni huu: ingia kwenye tovuti ya CLEP kwa akaunti ile ile ya College Board, chagua somo na kituo, lipa ada ambayo ni chini kidogo ya dola 100, kisha chapisha tiketi ya usajili, inayodumu miezi sita. Tiketi hiyo haikupi tarehe. Ni lazima uwasiliane na kituo chenyewe upange siku, na kituo nacho hutoza ada yake ndogo. Mwanafunzi asiye na kitambulisho cha serikali aulize mapema juu ya fomu ya utambulisho inayojazwa na kupigwa muhuri na shule yake.

Shirika la Modern States hutoa kozi za mtandaoni za kujiandaa na CLEP bila malipo, na amalizaye kozi huweza kupewa vocha ya kulipia mtihani. Omba vocha kwanza, ndipo ujisajili, kwa maana vocha hutumika pale pale kwenye ukurasa wa malipo. Alama za CLEP ni kati ya 20 na 80, na 50 ndiyo inayopendekezwa kwa krediti katika masomo mengi. Aliyeanguka husubiri miezi mitatu kabla ya kurudia mtihani huo huo. Uliza chuo chako kwanza, kwa sababu vyuo vinavyotambua CLEP ni vichache kuliko vinavyotambua AP.

Kijana aliyesoma Goma, Bukavu au Bujumbura kwa Kifaransa ana mtaji mkononi asioujua. CLEP ina mtihani wa Kifaransa, ambao alama 50 hupendekezewa krediti 6 na alama 59 krediti 9. AP nayo ina Kifaransa, na hapo mtahiniwa wa kujitegemea ana nafasi nzuri kuliko katika somo lolote jingine. Shule nyingi humwingiza kijana kama huyo kwenye darasa la kwanza la Kihispania kwa kuwa hakuna aliyemwuliza anajua lugha gani. Mshauri wa wanafunzi asipouliza, mwambie.

Kiswahili hakimo kwenye AP wala CLEP. Kinapimwa kwingine, kwa mfano kwa mtihani wa kuzungumza wa ACTFL, shirika la Marekani la walimu wa lugha za kigeni, ambao baadhi ya vyuo na shule huukubali kwa krediti ya lugha. Swali hilo nalo lipelekwe kwa mshauri, sambamba na lile la Kifaransa.

Baada ya mtihani wa AP limebaki jambo moja tu. Kila mwaka mtahiniwa wa AP huruhusiwa kupeleka alama zake kwenye chuo kimoja bure, iwapo atakichagua kwenye akaunti yake kabla ya tarehe 20 Juni. Ikipita siku hiyo, kupeleka alama hulipiwa. Aliye mwaka wa mwisho akichague chuo alichokubali kujiunga nacho, kwa maana College Board haipeleki alama kwenye chuo chochote ila kile ambacho mwenyewe amekiagiza.